Hesabu Kurudi Nyuma: Jinsi ya Kuitoa Bendi ya Roki Dodoma na Kuifikisha Kwenye Tamasha la Nje

Mwaliko wetu wa kwanza wa Ulaya uliingia mwezi wa tatu, na tamasha lilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Tulikuwa gereji ya Chang'ombe, hapa Dodoma, tunakofanyia mazoezi. Mpiga drams alitupa fimbo zake juu, na mimi nikahesabu wiki kwa vidole: kumi na nne. Nikaona muda upo tele. Siku ya kuondoka tulipanda ndege watu watatu, na bendi yetu ina watu watano.

Waliobaki ni mpiga gitaa la solo na mama yetu wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Linaloniuma hadi leo ni la mama. Bendi za gitaa mbili, besi na drams ziko kila mji wa Ulaya. Wale waandaaji walituita kwa sababu waliona video ya mwanamke wa Kigogo kutoka Chamwino akiwa ameibana muheme mapajani, anapiga juu ya gitaa linalonguruma. Wakatupokea bila muheme. Walikuwa waungwana, hawakulalamika, ila niliyaona macho yao.

Tangu hapo nimepeleka bendi nje mara nne zaidi, na nimewasaidia vijana wengine wawili watatu hapa mjini. Ninachowaambia siku zote ni hiki: shika tarehe ya tamasha, kisha hesabu kurudi nyuma. Ukihesabu kutoka leo kwenda mbele utajidanganya kama nilivyojidanganya mimi.

Anza na vyeti, na uanze hata kabla hujaalikwa. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 kwa mtu na inakaa miaka 10, kwa hiyo si hela inayopotea. Ombi linajazwa mtandaoni, halafu unakwenda Uhamiaji na karatasi zako. Kinachochelewesha ni karatasi zilizo nyuma ya pasipoti. Mama yetu alizaliwa kijijini na hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Kwenye kitambulisho cha NIDA jina lake la pili liliandikwa kwa herufi tofauti na lile la cheti chake cha ndoa. Tulizunguka RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, tukaenda kwa wakili kuapa, tukarudi NIDA kurekebisha, na miezi ikaisha. Leo hii jioni, kusanya bendi yako, kila mtu aweke mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti kama anayo, msome majina herufi kwa herufi. Ukikuta "Mazengo" hapa na "Masengo" pale, usiseme watu wataelewa. Karekebishe kesho asubuhi.

Halafu BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Msanii anayekwenda kutumbuiza nje anatakiwa awe amesajiliwa na awe na kibali cha safari hiyo. Peleka barua ya mwaliko mapema na orodha kamili ya wanaosafiri, fundi mitambo wenu akiwamo.

Kuhusu wapi pa kuanzia, ushauri wangu ni jirani. Nasema hivi kwa kuwapenda wadogo zangu wanaoota Ulaya moja kwa moja. Basi la kupitia Kondoa, Babati na Arusha hadi Namanga linakufikisha Nairobi, na Nairobi kuna mashabiki wa roki wanaojua wanachosikiliza. Uganda kuna tamasha la Nyege Nyege la Jinja, lililoanza 2015. Eswatini kuna Bushfire, ambalo kwa kawaida huwa mwishoni mwa mwezi wa tano. Na kabla hata ya kuvuka mpaka, ombeni Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Zanzibar. Imekuwepo tangu 2004, inafanyika mwezi wa pili, na wanataka muziki wa kupigwa mubashara, hakuna kuimba juu ya CD. Waandaaji wa matamasha ya nje huja pale kutazama. Dakika zako arobaini mbele yao zina uzito kuliko barua pepe mia.

Kwa Uganda, usisahau kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo aliyechanjwa juzi atapata shida mpakani. Tangu 2016 cheti chake ni cha maisha. Chanjeni mara moja, kadi ikae ndani ya pasipoti.

Sasa viza, na hapa nitakaa kidogo.

Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Ile siku 15 ni mpaka wa mwisho tu, usiifanye mpango wako. Mimi sasa naomba miezi mitatu au minne kabla. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na mkikataliwa hairudi. Watu watano ni euro 450 kabla hujalipa nauli ya kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Mnatakiwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na pasipoti ambayo itabaki hai miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, ikiwa na angalau kurasa mbili tupu. Kama mnapiga nchi mbili, ombeni ile mtakayokaa siku nyingi zaidi. Uingereza haimo humo, viza yake ni nyingine kabisa. Lakini ina orodha rasmi ya matamasha ambayo msanii anaruhusiwa kupiga kwa viza ya kawaida ya mgeni, kwa hiyo mwulize mwandaaji wako mapema kama tamasha lake limo. Nchi za Schengen nazo zinatofautiana kuhusu kibali cha kazi kwa msanii. Swali hilo mwachie mwandaaji ajibu kwa maandishi, na jibu lake liingie kwenye faili la maombi.

Mpiga solo wetu alikataliwa kwa ajili ya taarifa ya benki. Akaunti yake ilikuwa na elfu thelathini miezi yote, halafu wiki moja kabla ya kuomba zikaingia milioni nne. Tulikuwa tumemchangia, kwa nia njema kabisa. Afisa anayesoma karatasi ile haoni nia njema, anaona hela isiyo na maelezo. Kama bendi inamdhamini mtu, andikeni barua ya udhamini na mwambatishe taarifa ya akaunti ya bendi. Kama mwandaaji analipa tiketi, malazi na chakula, mwaliko uyataje hayo moja baada ya jingine, pamoja na tarehe, majina yote na namba za pasipoti.

Jambo la pili wanalotaka kuliona ni sababu ya wewe kurudi. Usiwaambie unaipenda nchi yako, waonyeshe. Mwimbaji wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, akaambatisha barua ya ruhusa ya mwajiri yenye tarehe ya kuripoti kazini. Mpiga drams ni fundi wa kuchomelea, akaweka leseni ya biashara. Mimi nina shamba la zabibu Hombolo. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nikaandika kwamba mavuno ya Agosti hayanisubiri, nikaambatisha hati ya shamba na risiti za mnunuzi. Kila mwanamuziki wa Dodoma ana kitu cha namna hiyo. Kitafute.

Tuje kwenye vyombo. Kabla ya kutoka nchini andikeni orodha ya kila kitu: aina, rangi, namba ya kiwandani, thamani. Ipelekeni kwa watu wa forodha uwanja wa ndege, waione na kuigonga muhuri. Siku ya kurudi orodha hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba gitaa lile hukulinunua huko, usije ukadaiwa ushuru wa mali yako mwenyewe.

Gitaa la besi la kwanza nililosafiri nalo lilifika shingo imevunjika. Nililiweka kwenye mfuko laini nikabandika karatasi ya tahadhari, na karatasi haizuii kitu. Sasa lina sanduku gumu, nyuzi nimezilegeza, na kichwa chake nimekizungushia kanga mbili hadi hakitikisiki. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini, mnapanda nazo ndani.

Klarineti nyingi duniani ni za mpingo, mti wetu huu, na ubao wa vidole wa magitaa mengi ni wa miti jamaa zake. Mwaka 2017 mpingo na jamaa zake wote waliingizwa kwenye masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na wanamuziki walipata taabu mipakani. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa kwenye masharti hayo, isipokuwa zile za jamaa yake wa Brazili, ambao una ulinzi mkali zaidi. Mkibeba zeze, mwulizeni fundi aliyelitengeneza ametumia ngozi gani. Kama ni ya kenge, liacheni nyumbani, kenge wote wamo kwenye orodha ya CITES. Na kwa ngozi ya mbuzi pia, mwandikie mwandaaji aulize forodha ya kwao kabla hamjafunga mizigo.

Vyombo hivi vya kwetu vilishazunguka dunia kabla yetu. Marehemu Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa hapahapa Dodoma, alipanda majukwaa ya WOMAD, tamasha la muziki wa dunia, na zeze na ilimba, akarekodi kwenye studio za mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza. Mama yetu alipopata pasipoti hatimaye, hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza: "Zawose alifika, na sisi tutafika." Aliizungushia muheme yake blanketi kwa mikono yake, hakutaka mtu amsaidie.

Hakuna aliyetuonya habari ya ngozi. Hewa ya Dodoma ni kavu, ngozi inakaza yenyewe, na ikilegea tunaisogeza kwenye moto. Safari ya kwanza ya mama Ulaya tulikuta mvua na baridi ya mwezi wa sita, muheme ikatoa sauti ya boksi. Nyuma ya jukwaa la tamasha huwezi kuwasha moto. Dada mmoja wa chumba cha kujipamba alituazima draya ya nywele, mama akaipuliza ngozi taratibu, mbali kidogo, robo saa nzima, sauti ikarudi. Sasa draya imo kwenye orodha yetu ya mizigo. Umeme wa Ulaya bara ni volti 230 kama wetu, ni plagi tu ya pini mbili za mviringo. Marekani ni 120, kwa hiyo soma nyuma ya kila chaja kama imeandikwa 100 hadi 240.

Ampu na drams nzito mtazikuta jukwaani. Mpiga drams abebe vyake vinavyochakaa: sneya, matoazi, pedali ya mguu na fimbo. Mwezi mmoja au zaidi kabla, tumeni kwa fundi mitambo wa tamasha mchoro wa jukwaa na orodha ya maiki, nani anasimama wapi, nani anahitaji nini. Muheme inabanwa mapajani na mpigaji anacheza nayo, kwa hiyo maiki ya stendi haitamfuata. Sisi tunaomba maiki ndogo ya kubana ukingoni, na tunabeba ya kwetu moja ya akiba.

Msitegemee kujaribu sauti kwa raha. Mara nyingi mtapewa nusu saa au chini ya hapo kati ya bendi inayotoka na ninyi, mguse kila waya kuhakikisha unaita, basi mnaanza. Tunalifanyia mazoezi pale gereji: vyombo vyote nje mlangoni, simu inahesabu, tunaingia, tunafunga, tunapiga wimbo wa kwanza. Mara ya kwanza ilituchukua dakika 31. Sasa ni 12. Na mkipewa dakika 40, andaeni za kutosha dakika 36. Kuzidisha muda kwenye tamasha ni kula muda wa mwenzako anayefuata.

Mkataba usainiwe kabla ya kulipia viza. Utaje malipo kwa euro au dola, nusu ya kwanza inalipwa lini, nani analipa ndege na mzigo wa ziada, nani anawapokea. Ulizeni kodi. Uingereza hukata 20% kwa wasanii wa nje malipo yakipita kiwango cha msamaha, Ujerumani 15% na nyongeza kidogo juu ya kodi hiyo. Dai hati ya makato. Mgawanyo wa bendi nao uandikwe na kusainiwa na wote hapa Dodoma, tumbo likiwa limeshiba, wala si hotelini saa nane usiku.

Siku ya safari, shukeni Dar es Salaam siku moja kabla ya ndege. Tangu 2024 treni ya mwendokasi inatufikisha kwa saa chache, lakini lolote linaweza kutokea njiani, na ndege haisubiri watu wa Dodoma.

Mkirudi, kabla hamjatawanyika pale stesheni, kusanyeni pasipoti zote. Pigeni picha kurasa zenye viza na mihuri yoyote mliyogongewa, zihifadhini pamoja na mkataba na taarifa za benki. Maombi ya mwaka ujao yanaanza na kurasa hizo.