Namna ya Kuendesha Mjadala wa Hadhara Kuhusu Kugomea Tozo ya Nyumba

Anayeitisha mjadala wa namna hii atenganishe kwanza maswali mawili ambayo wasemaji huyachanganya, yaani kama tozo yenyewe ni ya haki na kama kuigomea kunafaa. Nchini Ireland mwaka 2012, serikali ikibana matumizi kwa masharti ya Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, mtu aliweza kuichukia tozo ya nyumba ya euro 100 na bado akailipa, kwa kuamini kwamba sheria ya bunge hutiiwa hadi ibadilishwe kwa kura.

Hoja ya haki isikilizwe kwa kina, maana kiwango kilikuwa kilekile kwa mwenye kasri na mwenye kijumba. Mpinzani wa tozo naye aulizwe nani atagharimia maktaba na zimamoto endapo jirani hatalipa.

Kisha kila upande utaje matokeo, na hapa ndipo wengi hukwepa. Muda wa kujisajili kwa ajili ya kulipa tozo ulipokwisha tarehe 31 Machi 2012, takriban nusu ya wenye nyumba walikuwa hawajajisajili, jambo ambalo wagomaji walikuwa na kila sababu ya kujivunia. Lakini mwaka 2013 ilikuja kodi ya majengo, ikakabidhiwa mamlaka ya mapato yenye uwezo wa kuikata moja kwa moja kwenye mishahara, na deni la tozo ya zamani lililobaki hadi Julai likafanywa euro 200. Anayehimiza mgomo huku akiyaficha hayo asipewe zamu ya pili ya kusema.