Injini moja ikizima juu ya Luano: ninavyofundisha

Anza chini, propela bado hazijazunguka. Uwanja wa Luano, hapa Lubumbashi, uko kwenye kimo cha futi 4,295 kutoka usawa wa bahari. Piper Seminole, ndege yetu ndogo ya injini mbili, yenye uzito wake wote, ikibaki na injini moja, dari yake, yaani kimo ambacho juu yake haipandi tena vya maana, ni futi 3,800 hivi. Mwache mwanafunzi alinganishe namba hizo mwenyewe. Wengi huja wakiamini kwamba injini ya pili itawapandisha. Hapa kwetu inakuchagulia tu pa kushukia, na joto la mwezi wa kumi linapunguza hata hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kuachia breki, aseme kwa sauti: injini ikizima magurudumu yakiwa bado ardhini, navuta manete (vishikio vya nguvu ya injini) zote mbili, ikizima hewani na pisti, njia ya kurukia, bado iko mbele, natua hapohapo, baada ya hapo, pua chini, mwendo wa mstari wa buluu, ule bora wa kupanda kwa injini moja, noti 88. Akisita, haturuki.

Zoezi lenyewe lifanyie juu sana: usishuke chini ya futi 3,000 kutoka ardhini. Funika manete kwa karatasi, kisha punguza moja. Mguu wake ndio utakaomwambia: ule usio na kazi uko upande wa injini iliyokufa. Asikimbilie kuizima. Kwanza arudishe nyuma manete ya upande huo taratibu. Ndege isipobadilika, amepata. Ndipo aiweke propela drapo, mapanga yake yakate upepo yasiikokote ndege. Asizubae, maana mizunguko ikishuka chini ya 950 kwa dakika, propela ya Seminole haikubali drapo tena. Halafu alaze bawa nyuzi mbili tatu upande wa injini nzima, kigololi cha kwenye saa ya kuonyesha mteremko wa pembeni kitoke nusu. Bado mtashuka polepole. Mwache aitazame saa ya kimo mpaka aamini.

Sasa kuhusu mstari mwekundu, mwendo ambao chini yake usukani hauwezi tena kuinyoosha ndege kwa injini moja, noti 56, ambapo walimu vijana hunitia wasiwasi. Injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa, hupungukiwa nguvu kadiri mnavyopanda, kwa hiyo mwendo ambao usukani unashindwa nao unashuka. Mwendo wa bawa kupoteza hewa, kwenye saa ya mwendo, haushuki. Huku kwetu juu bawa linaweza kutangulia kushindwa, huku injini moja ikivuta kwa nguvu zote, na ndege ikaanza kuzunguka kama pia. Ndiyo maana, tunapopunguza mwendo kuutafuta mstari huo, mimi huzuia pedali ya usukani kwa mguu wangu, isifike mwisho. Pua inaanza kuponyoka mapema, bado tuna mwendo wa akiba. Hapo mwanafunzi apunguze nguvu ya injini nzima na ashushe pua, vyote kwa pamoja. Honi ya kuonya kwamba bawa linakaribia kupoteza hewa ikilia kabla pua haijaponyoka, zoezi limekwisha, shusheni pua mara moja.

Kwenye Baron, ndege nyingine ya injini mbili, ambayo propela zote huzunguka upande mmoja, mzimie injini ya kushoto zaidi: ndiyo ngumu.