Jinsi ya kufunga upya treki ya magari ya sloti baada ya kuhama nyumba

Kwa wasioijua hii kitu, ni ule mchezo wa vigari vya umeme, kila kigari kina ulimi chini unaoingia kwenye mfereji wa treki, pembeni ya mfereji kuna reli mbili nyembamba za chuma zinaleta umeme, we unashika kontrola, ukiminya kinaenda, ukizidisha kwenye kona kinaruka nje. Scalextric ya Uingereza ipo toka 1957, Carrera ya Ujerumani toka 1963, na humu nitaongelea zaidi hizo mbili za saizi ya 1:32 (kigari ni kidogo mara 32 kuliko gari la kweli), zile za analogi, yaani kila mfereji ni wa gari moja na kontrola yake, dijitali ina mambo yake mengine.

Sasa mtu anahama Iringa anakuja Mbeya, treki imepakiwa kwenye kenta pamoja na vitanda na magunia, imekula matuta yote kuanzia Mafinga, Makambako mpaka inashuka Uyole, akishaifunga anakuta gari linatembea vizuri nusu ya treki, nusu nyingine linajikokota au linalala kabisa. Anachofanya hapo hapo ni kulaumu adapta, au anafungua mota ya gari. Aisee tulia kwanza. Treki iliyotoka safari, ugonjwa wake karibu kila mara uko kwenye viungo, pale kipande kinapokutana na kipande, na ukivimaliza viungo utakuta vingine vyote ni vidogo tu.

HATUA YA 1: Maboksi yalale kwanza

Usifungue siku ile ile mzigo umeshuka, hasa kama umehama mwezi wa sita au wa saba, baridi ya huku mnaijua wenyewe. Plastiki iliyopoa sana inakuwa kavu, ukilazimisha vile vimeno vya kufungia vinakatika, na kimeno kikikatika kiungo hicho hakikazi tena daima. Alafu ukifungua boksi lililolala nje kwenye kenta ukaliweka kwenye chumba chenye jiko la mkaa, reli zinatoka jasho, hapo umeshaita kutu. Acha maboksi yamefungwa ndani ya chumba mpaka kesho yake mchana.

HATUA YA 2: Meza

Kama treki yako inakaa kwenye bodi (wengi huku tunatumia plaiwudi au marinbodi ya futi 8 kwa 4, mbao za miguu za paini toka Mafinga ni rahisi kupata), simamisha meza tupu kwanza bila treki. Chukua pimamaji ya fundi ujenzi, pima kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari. Sakafu za nyumba za kupanga zina mabonde hata kama kwa macho iko sawa, chomeka kabari za mbao chini ya miguu mpaka itulie. Bodi ikiwa imepinda, kiungo cha juu yake kinafunguka kwa chini au kwa juu, na hutakiona mpaka gari lianze kusuasua.

Kama bodi uliikata vipande viwili ili ipite mlangoni, hakikisha ule mwunganiko wa bodi unapita chini ya treki iliyonyooka, usipite chini ya kona.

HATUA YA 3: Usafi wa reli

Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye spiriti ya famasi kidogo, pitisha juu ya reli mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi. Thina na petroli usiguse kabisa, vinakula plastiki.

Kutu sasa. Reli za Carrera ni za chuma kisichoshika kutu kwa hiyo hazisumbui sana, Scalextric zinashika, na kwa unyevu wa Mbeya msimu wa mvua (Tukuyu ndo usiseme) zitakuwa na vidoa vya kahawia. Tumia lile dodoki la kijani la kuoshea vyombo, sugua taratibu kufuata urefu wa reli. Msasa unaondoa kutu haraka ila unaondoa na ule utando wa juu unaokinga chuma, mwezi mmoja kutu inarudi imezidi. Na stilwaya usilete karibu kabisa, vile vinyuzi vyake vinabaki kwenye mfereji, magari haya yana sumaku chini, sumaku inavivuta, vinalala kati ya reli mbili na hapo ni shoti.

Kabla hujaunganisha, pindua kila kipande uangalie chini. Reli zimeshikwa na vimasikio vya chuma vilivyokunjwa, safari inavilegeza, reli inanyanyuka juu kidogo. Vikunje tena kwa bisibisi ndogo. Na pale mwisho wa reli kuna kilimi kinachoingia kwenye reli ya mwenzake, hiki ndo mzee wa kazi. Kiangalie kwa karibu: kikiwa kimepanuka au kimelala upande, chukua koleo la mdomo mwembamba, ukibane kidogo sana, kidogo kweli, kiwe kinaingia kwa kubana bila kulazimishwa. Fanya kwa kila kipande. Inachosha najua, lakini ukiruka hapa utarudi hapa hapa.

HATUA YA 4: Kuunganisha

Kama ulipiga picha na kuandika namba kwenye masikingtepu kabla ya kuhama, hongera, fuata namba. Wengi hawafanyi, kwa hiyo hii ni kwa ajili yao.

Treki ni hesabu. Kona za kawaida za Scalextric za radiasi ya pili ni nyuzi 45, nane zinafanya duara. Kona ndogo ya Carrera ni nyuzi 60, sita zinafanya duara. Sasa kwa treki isiyojikata yenyewe, jumlisha nyuzi zote za kona za kulia, toa za kushoto (au kinyume chake), jibu lazima liwe 360. Kama treki yako ni ya umbo la nane yenye makutano katikati, jibu ni 0. Kwa hiyo ukiwa umekaa na rundo la vipande hukumbuki nini kilikaa wapi, hesabu kona kwanza, hesabu ikae sawa kwenye karatasi, ndipo uweke za kunyooka. Kipande kirefu cha Scalextric ni milimita 350, cha Carrera ni 345, havichanganyiki, na hata Scalextric ya zamani na ile mpya ya Sport haziingiliani bila kipande maalumu cha kuziunganisha.

Anza na kipande cha umeme, kiweke pale soketi ya ukutani ilipo karibu, alafu enda pande zote mbili. Unganisha kwa kulaza vipande vyote viwili chini na kusukuma vikiwa flati, usivikunje kama unavunja muwa. Kiungo cha mwisho cha kufunga treki kiache kiwe katikati ya sehemu ndefu iliyonyooka, na kinatakiwa kiingie chenyewe. Ukikuta pamebaki uwazi wa kidole usivute! Ukivuta unakifunga hicho kimoja na kufungua vingine vitatu upande wa pili bila kujua. Uwazi wa namna hiyo maana yake kuna kipande cha nusu kimekaa mahali pa kirefu, au upande mmoja umezidi wa pili, rudi kwenye hesabu.

Skrubu za kushikilia treki kwenye bodi bado kabisa, zije baadae.

Ukimaliza pitisha ukucha juu ya kila kiungo, kwenye reli na ndani ya mfereji. Ukucha ukikwama na gari litakwama.

HATUA YA 5: Kutafuta kiungo kibovu kwa balbu ya bodaboda

Hapa ndo penye utamu. Wengi wanachukua mita, wanapima volti kwenye reli, wanaona 14 na kitu kila mahali, wanasema umeme upo. Upo ndio, ila mita haivuti umeme, kiungo kilicholegea kinaweza kuonyesha volti zote mpaka pale kitu kinapoanza kula umeme, hapo ndipo zinaporomoka. Unahitaji kitu kinachokula kama gari linavyokula.

Nenda duka la spea za bodaboda, hapa Mwanjelwa mjini Mbeya yamejaa, nunua balbu ya indiketa ya volti 12 wati 10 na kishikio chake. Hiyo inakula chini kidogo ya ampia moja, inatosha kabisa. Unga nyaya mbili fupi, menya ncha.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii: treki ni mzunguko, umeme unafika kila mahali kutoka pande mbili. Kiungo kimoja kikifa, umeme unazunguka upande wa pili, gari linaendelea kutembea ila linachoka, na hujui linachokea wapi. Kwa hiyo fungua kiungo kimoja tu, kile kilicho jirani na kipande cha umeme upande mmoja, sasa umeme una njia moja ya kupita.

Funga kontrola kwa rababendi ikiwa imeminywa mpaka mwisho, gusa nyaya za balbu kwenye reli mbili za leni moja (leni ni mfereji mmoja na reli zake mbili), kuanzia kwenye kipande cha umeme kwenda mbele, kipande kwa kipande. Sekunde mbili tatu kila mahali inatosha, adapta nyingi zinatoa zaidi ya volti 12 (Carrera Evolution ni 14.8) kwa hiyo balbu inachemka. Mwanga ukipungua kidogo kidogo kadri unavyoenda mbali hiyo ni kawaida. Mwanga ukishuka ghafla kati ya kipande hiki na kinachofuata, umekipata, kiungo chako ni hicho. Kifungue, bana kilimi, safisha, rudisha, jaribu tena. Ukimaliza leni moja rudia ya pili, maana leni moja inaweza kuwa nzima na jirani yake imekufa.

Treki ikiwa ndefu na mwanga wa mbali bado ni hafifu baada ya kurekebisha vyote, peleka waya wa msaada toka kipande cha umeme mpaka upande wa mbali kabisa, waya wa 1.5 wa taa za nyumbani unafaa, uchomelewe kwa risasi chini ya reli. Reli ile ile kwa reli ile ile, usikisie kwa macho, chomoa umeme kwanza alafu fuatilia kwa mita iliyowekwa pale pa mlio, inayopiga pii ukigusa reli ile ile. Ukizikosea ni shoti moja kwa moja.

Adapta nayo, kwa kuwa nimeitaja: tumia ya kwake. Ya ruta ya volti 12 ampia 1 itatembeza gari moja kivivu na mbili zitagoma, ya laptopu ni volti 19 unakaanga mota. Na ichomeke kwenye friji gadi, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo isiwe ya kwanza kupokea.

HATUA YA 6: Magari

Pindua gari. Vile vibrashi vya nyuzi za shaba pembeni ya ulimi vinatakiwa vilale sawa na vichanue kidogo mwishoni, safari inavibonda. Angalia sumaku, utakuta misumari midogo na vumbi la chuma, toa. Nywele na nyuzi za blanketi kwenye ekseli toa kwa sindano. Matairi yabiringishe juu ya masikingtepu upande wa gundi mpaka yaache kuacha uchafu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi ya ekseli, moja tu, yakimwagika kwenye tairi umetengeneza barafu.

Sasa endesha. Siku kadhaa za mwanzo acha treki bila skrubu, chumba chenye bati bila silingi mchana kinachemka usiku kinaganda, plastiki inatanuka na kusinyaa mpaka ipate kikao chake. Baada ya hapo ndo weka skrubu, usikaze mpaka mwisho, kipande kiweze kucheza kidogo. Msimu wa mvua ukianza funika kwa shuka, nailoni inafungia unyevu ndani.