Kama kesho unamrushia mtu uliyemkubali tangu mtoto

Kuna dogo wa miaka 17 ninayemfundisha besiboli hapa Mwanza, ana mkono mzuri sana, akirusha mpaka mdakaji anavua glavu anapuliza kiganja. Sasa mwaka juzi kwenye mechi ya kirafiki akapangwa dhidi ya kaka mmoja wa miaka 36 hivi, na huyo kaka ndo aliyewafundisha nusu ya watoto wa mtaa wetu kushika gongo, ndo mtu wa kwanza tuliyemwona anapiga mpira unavuka ule mwembe unaenda kudondokea barabarani daladala zinakopita. Dogo amekua akimuokotea mipira. Basi siku hiyo akamtupia boli nne mfululizo, hata moja haikukaribia, kaka akatembea zake bure mpaka besi ya kwanza na dogo kabaki amesimama kwenye tuta la mrushaji machozi yanamlengalenga. Mkono ulikua mzima kabisa.

Toka siku ile nimelifikiria sana hili jambo, na haya ndo nawaambia vijana wangu sasa hivi. Kwa asiyejua mchezo, ni hivi: mrushaji anarusha, mpigaji anajaribu kupiga, straiki 3, yani mipira iliyopita ndani ya eneo lake akaiacha au aliyoizungushia gongo akaikosa, mpigaji ametoka, boli 4, yani mipira iliyopita nje ya eneo lake, mpigaji anakwenda besi ya kwanza bila jasho.

Kitu cha kwanza kiweke kichwani mapema, wewe unamjua yeye kuliko yeye anavyokujua wewe. Miaka yote ile uliyokua umekaa juu ya jiwe unamwangalia na mdomo wazi ulikua unakusanya habari zake bila kujua, na yeye hana hata habari moja yako, anakukumbuka ulivyokua mtoto wa kuokota mipira. Kwahiyo wiki moja kabla ya mechi chukua daftari, kaa mahali pametulia, andika kila unachokumbuka. Anasimama karibu na besi ya nyumbani au anajitenga? Mpira wa kwanza huwa anauacha upite au anauvamia? Akishakua na straiki 2 anapandisha mikono juu kidogo kwenye mpini ili gongo liwe jepesi? Mguu wa mbele anaukanyagia wapi? Dogo wangu alianza kwa kusema hakumbuki kitu, nikamuuliza we ulikua unakimbilia upande gani kuokota mipira yake, akanyamaza, afu akasema kushoto kocha, karibu yote ilikua kushoto. Haya, mpigaji wa mkono wa kulia anayepeleka kila kitu kushoto maana yake anavuta, anapenda mpira wa ndani, karibu na mwili wake, usawa wa kiuno. Wa nje chini magotini hana raha nao. Hilo jibu lilikua miguuni mwa dogo siku zote, alikua analikimbilia kila jioni. Akajaza kurasa mbili.

Afu fikiria umri, ila kwa heshima na kwa akili. Mpigaji mkongwe macho yake yamesoma mipira mingi mno, huwezi kumdanganya kitoto, lakini mikono haina tena kasi ya miaka 22, kwahiyo wengi wao wanaanza kuzungusha gongo mapema kidogo ili wauwahi mpira wa kasi. Hapo ndo mpira wa taratibu unapokua mali. Tarehe 11 Machi 2023 kwenye kombe la dunia la besiboli pale Tokyo, Ondřej Satoria wa Jamhuri ya Czech, ambaye kazi yake ya kumuingizia ugali ni mambo ya umeme, alimtoa Shohei Ohtani kwa straiki, na Ohtani ndo mchezaji mkubwa kuliko wote wa kizazi hiki, sio mkongwe wala nini. Mpira aliomtolea ulikua wa kilomita kama 115 kwa saa tu wakati wenzake wa ligi kubwa Marekani wanarusha 150 na zaidi. Wacheki walifungwa 10 kwa 2 lakini ule mpira dunia nzima ya besiboli inaujua. Kwahiyo kijana usiniambie huna kasi.

Namna ya kuurusha: mpira wa kasi unaushika kwa vidole viwili juu, cha shahada na cha kati, vikikatiza mishono pale ilipopinda kama kwato ya farasi, gumba chini, mpira usiguse kiganja. Mpira wa taratibu unauzamisha ndani zaidi, vidole vitatu au vinne juu yake, afu, na hapa naomba sana unisikilize, mkono unazunguka kwa kasi ileile kabisa. Ukipunguza mkono umemwambia. Kinachopunguza mwendo ni mshiko peke yake.

Mazoezi yake hayahitaji pesa, Mwanza Mungu katupa mawe. Tafuta jiwe lenye uso bapa, sisi tunalo moja upande wa kule Mkolani, chora kwa chaki boksi lenye upana wa sentimita 43 ambao ndo upana wa besi ya nyumbani, chini lianzie usawa wa magoti ya mtu na juu liishie katikati ya kiuno na mabega, afu pima umbali wa mita 18 na sentimita 44, ndo toka kwa mrushaji mpaka besi ya nyumbani. Pima kwa futi ya fundi au kamba, usihesabu hatua, hatua za mtu mwenye hofu zinakua fupi. Tumia mpira wa tenisi kwenye jiwe maana wa ngozi utauua siku moja. Ule wa ngozi baki nao kwa kurushiana na mdakaji, na rusha mipira ileile mtakayochezea, kwasababu mipira yetu mingi tumeishona upya kwa uzi wa nyavu wa kule mwaloni Kirumba, na mshono ukiwa mnene mpira unakata hewa tofauti, lazima kidole kiuzoee. Pia jaribu saa za mchana upepo wa ziwa ukishaingia. Ukirusha upepo unakuja usoni mpira unapungua kasi kidogo ila ule wa kukunja, unaopinda njiani, unakunja zaidi, upepo ukiwa mgongoni unakunja kidogo. Asubuhi ziwa limelala hautaliona hili.

Usipitilize lakini. Nimeona watoto wakipangiwa mechi kubwa wanarusha kila siku mpaka giza, wanafika siku yenyewe bega limekufa. Mwongozo wanaotumia Wamarekani kwa vijana wa miaka 17 na 18 ni mipira isiyozidi 105 kwa siku, na 15 na 16 ni 95, na hapo ni pamoja na mapumziko ya siku kadhaa. Siku mbili za mwisho kabla ya mechi mimi nawapumzisha mkono, wanarushiana kidogo tu kulainisha.

Siku ya mechi kuna jambo wengi hawalifikirii, salamu. Huyu ni kaka yako, huwezi kumpita kama mti. Mfuate mapema kabla hamjaanza kupasha misuli, mpe shikamoo yako vizuri kwa mikono miwili, muulize habari za nyumbani, kama unataka kumwambia kwamba ulianza kucheza kwasababu yake mwambie hapo hapo, umalize. Heshima ukiishailipa mapema huibebi kwenye tuta. Yule dogo wangu mara ya kwanza aliona aibu hakumsalimia, akawa anamwangalia kwa mbali, matokeo yake ile shikamoo ikabaki imemkaa kooni na ndo akapanda nayo kurusha.

Ohtani mwenyewe kabla ya fainali ya kombe lilelile la 2023 kule Miami alisimama chumbani akawaambia Wajapani wenzake kwamba kwa siku ile moja waache kuwashangaa mastaa wa Marekani, maana ukiwa unamshangaa mtu hauwezi kumpita. Na mwisho wa mechi Japani inaongoza 3 kwa 2 akabaki yeye Ohtani na Mike Trout, nahodha wa Marekani, mtu aliyekua anacheza naye timu moja wakati ule, boli 3 straiki 2, akamtoa kwa mpira wa kukunja. Siku moja tu wameacha kushangaa. Kesho yake unaruhusiwa kuendelea.

Sasa umepanda tuta. Moyo utakwenda mbio, huo ni mwili unajiandaa, usigombane nao, ila ujue kinachofuata, nguvu zikizidi mpira unapaa juu. Karibu kila kijana mwenye hofu anarusha juu. Kwahiyo lenga chini kuliko unavyodhani, lenga magoti ya mdakaji. Macho yako yabaki kwenye glavu tu. Uso wa kaka usiutafute, ukiutafuta utajiona ulivyokua na miaka 9. Ukiona kichwa kinazunguka, shuka nyuma ya ule ubao wa kukanyagia, chota udongo, usugue mkononi, vuta pumzi mpaka tumboni uitoe polepole, rudi. Hakuna mwamuzi atakaefoka kwa hilo ukifanya mara moja moja. Na mwambie mdakaji wako mapema kabisa kwamba ishara atoe yeye, wewe utarusha atakachoomba, kwenye dakika kama zile kichwa kimoja kilichopoa kinatosha kwa wawili.

Mpira wa kwanza rusha straiki. Vijana wengi wanajaribu kuanza kwa ujanja nje ya eneo wakitegemea atadanganyika, mkongwe hadanganyiki na mpira wa kwanza, anauangalia tu unapita na tayari wewe una deni. Mpe wa kasi, chini, upande asioupenda. Ukipata hiyo straiki moja yeye ndo anaanza kuhesabu.

Kuna hofu nyingine hawaisemi mpaka uwaulize, wanaogopa kumgonga. Mtu aliyekununulia soda ukiwa mtoto, utamrushiaje ndani karibu na mbavu? Basi wanarusha nje tupu, na mpigaji akijua huji ndani anajisogeza, ule mpira wa nje unakua wa kwake. Kwahiyo lazima umuonyeshe wa ndani angalau mmoja, chini ya kifua, usawa wa mkanda. Kichwani kamwe, na kama mkono umechoka kiasi kwamba huna uhakika unakwenda wapi mwambie kocha akutoe. Yeye amevaa helmeti, amekwepa mipira mingi kabla hujazaliwa, hataona umemvunjia heshima. Atakachoona ni kwamba umemuhesabu kama mpigaji wa kweli.

Na akikupiga je? Inawezekana sana. Novemba 20, 1934 kule Shizuoka, Eiji Sawamura, kijana wa Kijapani wa miaka 17, alisimama mbele ya Wamarekani waliokuja kutembea, akawatoa mfululizo Charlie Gehringer, Babe Ruth, Lou Gehrig na Jimmie Foxx kwa straiki. Baadae Gehrig akampiga mmoja ukatoka uwanjani na mechi ikaisha 1 kwa 0, dogo kafungwa. Leo tuzo ya mrushaji bora Japani inaitwa kwa jina la huyo aliyefungwa. Kwahiyo ukipigwa, usifuate mpira kwa macho mpaka barabarani, kama umebaki uwanjani wewe una kazi ya kwenda kulinda besi, na kama umetoka omba mpira mwingine mwangalie mpigaji anayefuata, huyo anayefuata ndo anaumiza timu ukiwa bado unaomboleza.

Mabinti wangu huwa nawaongezea habari ya Jackie Mitchell, msichana wa miaka 17 aliyewatoa Ruth na Gehrig wakifuatana tarehe 2 Aprili 1931 mjini Chattanooga kwenye mechi ya maonyesho. Wapo wanaobishana mpaka leo kama wale mastaa walijilegeza, mimi nawaambia mabinti wakarushe tu.

Ukimtoa usicheze mbele yake. Geuka, pokea mpira, endelea. Mechi ikiisha mfuate umuulize aliona nini mkononi mwako, mpira upi aliusoma na upi ulimchanganya, hakuna mwalimu mwingine anayeweza kukujibu hilo swali maana yeye ndo alikua amesimama pale.

Dogo alikutana tena na yule kaka mwaka jana mwezi wa tisa, saa kumi jioni, upepo umeshaingia. Alimpa shikamoo asubuhi. Mpira wa kwanza straiki chini nje, wa pili ndani usawa wa mkanda, kaka akarudi nyuma hatua moja akatabasamu, wa tatu ule wa taratibu, gongo likatangulia, mpira ukagusa ncha ukaviringika kwa mlinzi wa kati, akatoka. Tulivyokua tunakusanya vifaa kaka akaja mwenyewe, akaokota mpira kwenye ndoo akampa dogo, akamwambia, "Ule wa tatu ulishikaje? Hebu nionyeshe." Dogo akauzamisha kiganjani, kaka akainama akavisogeza vile vidole kimoja kimoja akiviangalia, wakakaa hapo mpaka taa za Capri Point zikawaka.