Kabla hujamchua mzee mwenye ugonjwa wa kusahau

Kumchua mzee mwenye dimenshia hakumrudishii kumbukumbu. Kunaweza kumtuliza kwa muda, hasa yule anayeanza kuhangaika jua likizama, basi. Mchuaji anayekuahidi zaidi ya hapo usimlipe.

Uangalie kwanza mwili. Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, usiuguse: huenda damu imeganda kwenye mshipa, na ukiuchua donge linaweza kukatika likafika kwenye mapafu. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mzee aliyechanganyikiwa ghafla kuliko jana. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji, si kusahau kwake kwa kawaida. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, huvilia damu kirahisi, kwa hiyo muulize daktari kwanza. Kwa mgonjwa wa kulala, kagua visigino na makalio. Palipobadilika rangi (kwenye ngozi nyeusi hapawi pekundu, huwa peusi zaidi) usipasugue eti damu itembee, maana utapachubua. Mgeuze ubavu tu.

Mafuta ya alizeti yanatosha, na Dodoma na Singida hayatafutwi mbali. Dawa za kuchua zenye mentholi au pilipili ziache. Ngozi ya uzeeni ni nyembamba, na mwenyewe huenda asiweze kusema kwamba inamuunguza. Asubuhi za Juni na Julai upepo wa Dodoma huingia hata dirishani, hivyo funga mlango, pasha viganja vyako joto, mfunike shuka kila mahali usipochua. Kucha fupi, pete pembeni, na awe ameshakwenda chooni.

Nani amchue? Familia nyingi hazilijadili hili. Mkwe kumvua nguo baba mkwe ni aibu ambayo ugonjwa haujaifuta, na babu anaweza kugoma kwa sababu hiyo tu huku mkisema ni mkorofi. Mtafute mjukuu wa kiume.

Msalimie, mwambie unachotaka kufanya, kwa Kigogo kama ndiyo lugha aliyokulia. Anza na mkono mmoja, taratibu, dakika 5 hadi 10, ukimtazama usoni. Akikunja uso au akivuta mkono, amekataa. Acha, umjaribu tena kesho baada ya chai.