Somo: Ukialikwa kuzungumza, usirudi na soda na nauli tu

Wadau, salaam. Wengi mmenifuata inbox mkiuliza haya mambo ya kuzungumza kwenye semina na kulipwa yanakwendaje, kwa hiyo naandika mara moja kwa wote. Maswali ya waliouliza nimeyaweka chini.

Mwaka wa kwanza malipo yangu yalikuwa soda, sambusa mbili na nauli ya kurudi Kihonda, hapa Morogoro. Na nilifurahi kweli! Nafunga mashine siku nzima, navaa kitenge changu cha sikukuu, nasimama mbele ya akina mama sitini kueleza unga wangu wa lishe ulivyopata alama ya TBS (shirika la viwango), napigiwa makofi. Nikirudi naambiwa mteja wa jumla alikuja, akakuta kufuli, akaenda kwa jirani. Siku moja, wakati wa kusaini posho, jicho likaniponyoka kwenye mstari wa juu yangu. Kaka aliyetangulia kuzungumza, mada yake "Amka Kifikra", alisaini laki tatu. Mimi nilisaini elfu ishirini.

Sikumchukia. Yeye alitaja bei. Mimi nilisubiri nionewe huruma.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja unalolijua kwa hesabu

Wahamasishaji wapo tele. "Thubutu, wewe ni simba", hilo kila ukumbi umelisikia. Anayetafutwa ni mtu wa kusema: gunia la mahindi nilinunua hivi, soya hivi, mfuko wa kilo moja ukanisimamia kwa kiasi hiki, nikauza kiasi hiki, na mwezi wa tatu nikatupa kilo tisini kwa sababu soya haikukauka vizuri. Mimi nikifika kwenye zile kilo tisini ndipo naona watu wanatafuta kalamu.

Mada yangu haiitwi "Safari Yangu ya Mafanikio". Inaitwa "Kutoka barua ya utambulisho ya SIDO hadi alama ya TBS: nilipita wapi, nilikwama wapi". (SIDO ni shirika la kuhudumia viwanda vidogo.) Mratibu akiisoma anajua nani atafaidika. Usijitangaze kwa mada tano. Anayejua kila kitu hakumbukwi kwa chochote.

Hatua ya 2: Jua mwenye fungu ni nani na analigawa lini

VICOBA na SACCOS za mtaani (vikundi vya kuweka na kukopa) hazina fungu la mtoa mada. Nenda huko kujifunza kusimama, na uende na bidhaa zako za kuuza. Waambie wakupige picha na wakurekodi dakika mbili tatu kwa simu, sauti isikike. Hiyo video ndiyo utakayowatumia waandaaji wakubwa.

Wenye fungu ni mashirika yenye miradi ya wanawake na vijana, benki zinazotafuta wateja wadogo, na wauza mashine na vifungashio. Halmashauri nazo zisisahauliwe. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) inakwenda kwa vikundi, na vikundi vinahitaji mafunzo. Anayejua ratiba ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kamsalimie kabla hujawa na shida naye.

Sasa kalenda. Tarehe 8 Machi (Siku ya Wanawake), kisha Sabasaba mwezi Julai pale viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, Nane Nane mwezi Agosti. Misimu hii kila mtu anatafuta mzungumzaji. Ila kupanga pesa huanza zamani. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Ukitaka kuzungumza Nane Nane, barua ifike miezi kadhaa kabla. Anayekupigia wiki moja kabla ya shughuli ameshagawa kila kitu, kilichobaki kwake ni soda.

Barua iwe ukurasa mmoja: wewe nani, mada, watafaidikaje, namba ya simu. Basi.

Hatua ya 3: Bei (hapa tukae kidogo)

Kosa letu ni kudhani tunauza saa moja. Hapana. Mimi siku ya semina sisagi, na siku ya kabla yake nusu nzima naandaa. Kama faida yangu ya siku ni 60,000, nimeshapoteza 90,000 kabla sijafungua mdomo. Weka 15,000 ya binti anayebaki dukani, nauli, vocha za kupigiana na mratibu. Hapo bado hujatoza kilo tisini ulizotupa ili wao wasitupe zao. Kwa sasa natoza 250,000 kwa kipindi kimoja hapa Morogoro mjini. Nje ya mji, usafiri na malazi ni juu ya mwandaaji.

Wakikupigia usitaje bei kwanza. Uliza hivi: "Samahani, kwa mtoa mada mmetenga kiasi gani?" Kisha nyamaza. Kile kimya kinauma, utatamani kukijaza na "lakini hata kidogo si mbaya". Meza mate. Niliwahi kunyamaza hivyo nikatajiwa kiasi ambacho nisingethubutu kukitamka.

Mkikubaliana, tuma profoma (ankara ya awali): tarehe, mada, dakika, kiasi, nani analipia malazi, malipo yanatoka lini. Andika na TIN yako (namba ya mlipakodi). Usishtuke wakikata asilimia 5. Ni kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, anayekulipa anaikata na kuipeleka TRA (mamlaka ya mapato). Kwa 250,000 wanazuia 12,500, unapokea 237,500. Unachotakiwa kudai ni cheti cha zuio, ukitunze kwa hesabu zako za TRA. Mara ya kwanza niligombana na mhasibu wa watu nikidhani amenila. Nilirudi kumwomba radhi na kilo mbili za unga.

Hatua ya 4: Jiandae kunyang'anywa muda

Ratiba itasema saa nne kamili. Mgeni rasmi atafika saa tano na nusu. Utambulisho, meza kuu, risala, salamu za wadhamini, na kila anayeshika kipaza sauti atasema itifaki imezingatiwa kisha aanze kuizingatia upya. Zile dakika zako 45 zitakuwa 15, na watu wamenusa pilau.

Kwa hiyo mimi nina mada moja kwa vipimo vitatu: dakika 45, 20 na 10. Ya dakika 10 ina vitu viwili tu, zile kilo tisini na fomu moja niliyoijaza vibaya mara mbili. Usitegemee projekta, umeme ukikatika unabaki na mikono. Mimi hubeba mfuko wa unga ulioharibika na mzuri, naupitisha mkono kwa mkono wanuse. Hakuna slaidi inayoshinda ile harufu ya ukungu.

Omba meza ya kuuzia nyuma ya ukumbi, na iandikwe kwenye profoma. Kuna siku meza imeniingizia kuliko posho.

Hatua ya 5: Tukio lako mwenyewe

Ukishazoeleka, itisha darasa lako. Hesabu ya la kwanza langu: watu 30 kwa kiingilio cha 20,000 ni 600,000. Ukumbi 150,000, chai na vitafunwa 120,000, spika na kipaza sauti 50,000, uchapaji 30,000. Jumla 350,000, inabaki 250,000. Tamu kweli kwenye karatasi.

Walikuja 18. Vitafunwa vya 30 vilishapikwa, ukumbi haupungui. Nilikusanya 360,000, nikabaki na elfu kumi na beseni la maandazi. Tangu siku ile "nitakuja dada, niwekee nafasi" ya WhatsApp siihesabu. Nafasi ni nusu ya kiingilio kwa Lipa Namba siku tano kabla, na mpishi anaambiwa idadi baada ya hapo.

Maswali ya wanachama

*Fundi cherehani, Tabora: Mimi nimeishia la saba. Hao wenye kompyuta mpakato watanisikiliza?*

Kaka, ulishawahi kuulizwa cheti na mteja aliyeletewa suti inayomkaa? Sema umeshona sare za shule ngapi, umedhulumiwa mara ngapi na sasa unachukuaje malipo ya awali. Wengi wa hao wenye mpakato hawajawahi kumdai mtu sare.

*Mfuga kuku, Kibaha: Nikiwafundisha kila kitu si natengeneza washindani?*

Wapo watakaokuiga. Kwangu walijitokeza wawili, mmoja aliacha, mwingine sasa tunanunua mahindi pamoja ili tupate bei ya lori. Ila ukweli, jina la mtu anayeniuzia soya silitaji jukwaani. Fundisha kazi, namba za simu baki nazo.

*Mwanachama, Mombasa: Dada, huku kwetu waandaaji watuambia "njoo utajulikana". Nifanyeje? Na hiyo kodi ya zuio ipo Kenya?*

Ipo. Kwa mkazi anayelipwa ada ya kitaalamu au mafunzo ni asilimia 5 pia, malipo ya mwezi yakifika shilingi 24,000 za huko. Kuhusu kujulikana, waulize: nijulikane na nani? Kama ukumbini kuna wanunuzi wa hoteli na wewe unauza achari, nenda bure na ubebe sampuli. Kama ni wauza achari wenzako, watozwe.

*Mama lishe, Dodoma: Sikubaliani nawe kuhusu bei. Nimezungumza bure miaka miwili kanisani na leo napata oda za harusi kupitia hao hao.*

Mama, hapo umenishika. Kanisani, msikitini, kwenye msiba wa jirani, hata mimi sitozi. Ninachokataa ni bure ya mwenye bajeti. Na wewe hukuzungumza bure, ulilipwa kwa oda. Umechelewa tu kuziandika.

*Mtengeneza sabuni, Mwanza: Nilizungumza mwezi wa tatu, mpaka leo nazungushwa. "Boss kasafiri", "mfumo uko chini". Sina karatasi yoyote.*

Pole sana. Mimi shirika moja lilinizungusha miezi minne hivyo hivyo. Andika ankara leo hata kama umechelewa: tarehe ya shughuli, mada, kiasi mlichotajiana. Usimpelekee aliyekualika, huyo hana funguo. Ipeleke kwa mhasibu, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kisha piga kila Jumatatu asubuhi, kwa heshima, sauti ile ile. Mimi nililipwa Jumatatu ya sita, na yule mhasibu akaniuliza unga bado upo.