Wapinzani wamepaki basi, yaani wamejaza wachezaji nyuma kulinda goli? Hesabu mabeki wao kabla ya kupanga mfumo

Hatua ya 1. Tazama mstari wao wa mwisho wakiwa hawana mpira. Wako wanne? Weka watano mbele. Wako watano, kama kwenye 5-4-1 (mabeki watano, viungo wanne, mshambuliaji mmoja)? Hapo watano wako watakabwa mtu kwa mtu, kwa hiyo kiungo mmoja aingie boksi kwa kuchelewa, akitokea nyuma.

Hatua ya 2. Anza na 4-3-3 inayogeuka 3-2-5 mkiwa na mpira. Beki mmoja wa pembeni abaki na mabeki wa kati, mwenzake aingie ndani kando ya kiungo mkabaji. Viungo wawili waliobaki wakae kwenye uwazi kati ya beki wa kati na beki wa pembeni. Mawinga wakanyage chaki, yaani wakae kwenye mstari wa pembeni. Winga anayeingia ndani mapema anawapunguzia mabeki kazi.

Hatua ya 3. Hamisha mpira upande wa pili kwa pasi mbili au tatu. Hapa ndipo timu nyingi zinaharibu: beki anapokea, anatuliza, anatazama, anagusa tena, na ukuta mzima umeshahama. Apokee kwa mguu ulio mbali na mpira unakotoka, mwili ukiwa umefunguka, na mguso wa pili uwe pasi.

Hatua ya 4. Winga akifika mstari wa goli, aachane na krosi ya juu. Arudishe mpira chini, karibu na alama ya penalti. Mabeki wanakuwa wanakimbilia goli lao, na aliye nyuma ya mpira hawezi kuotea.

Hatua ya 5. Mpira ukipotea, wale wawili wa kati (kiungo mkabaji na beki aliyeingia ndani) wambane mwenye mpira papo hapo.

MASWALI

– Sina beki wa pembeni anayeweza kucheza katikati.
Tumia 3-4-2-1. Wa pembeni katika wale wanne wakipanda, unapata 3-2-5 ileile.

– Dakika ya 70 bado 0-0, niongeze mshambuliaji?
Kama krosi zinapita bila mtu, ongeza. Kama mpira haufiki boksi kabisa, atawazibia viungo nafasi tu, badilisha winga.

– Viungo wangu wanashuka kufuata mpira kwa mabeki.
Wakataze. Mshambuliaji wao ni mmoja, mabeki watatu wanamtosha. Kiungo akishuka, beki aliyekuwa na wasiwasi naye anabaki hana wa kumkaba, anakwenda kumsaidia mwenzake dhidi ya winga wako.